Ubeti wa Tekla wa Majutoni

Wanakwaya wenzangu wananisumbua niwaeleze nilivyofika Majutoni: nilipanda nini, nikashukia wapi, nani alinipa njia. Hayo hayana maana. Nilifika. Nilikaa, nikala chakula chao, nikaona mambo ambayo kama ningesimuliwa nisingeyaamini, na sasa nasimulia mimi. Mkiniamini sawa, msiponiamini shauri yenu. Mimi ni mwalimu wa kwaya. Nimefundisha sauti ya pili watu wasioweza hata kupiga mluzi, kwa hiyo subira ninayo. Lakini Majutoni nusura waimalize.

Jambo la kwanza nililoliona lilikuwa sokoni. Mama mmoja mrefu, kitambaa cheusi kichwani, alisimama mbele ya meza ya mihogo. Muuzaji alipomwona tu, akageuka akampa mgongo. Nikasema moyoni, hawa wana ugomvi wao. Kumbe wapi! Muuzaji, huku ameelekea ukutani, akasema kwa adabu zote, "Shikamoo mama. Leo nikuchagulie minene?" Akaipitisha mihogo kwa nyuma, akaishika hewani mpaka mama akaipokea. Yule mama alipoondoka, kila aliyekuwa njiani aligeuka zamu yake ilipofika, mpaka njia nzima ikawa migongo mitupu. Hakuna aliyemtukana wala kumcheka. Na yeye alipita katikati yao taratibu, akitazama mbele, kama mtu aliyezoea.

Nilipokewa na mwanamke anayeitwa Anyesi, mkarimu, mwenye maneno mengi na mikono isiyotulia. Wakati ananimenyea ndizi nikamuuliza habari ya yule mama wa sokoni. Kisu kikasimama.

"Yule ni dada yangu," akasema. "Tekla. Tumbo moja. Amepewa kisogo."

Ndipo akanieleza sheria ya nchi yao, nami nawaeleza nyinyi kama nilivyoisikia, bila chumvi.

Majutoni ni nchi ya Kikristo, tena inayosali kuliko sisi mara nyingi. Wazee wao wa zamani walifikiri hivi: mtu akitenda dhambi, Mungu humgeuzia kisogo. Basi ikiwa Mungu mwenyewe hamtazami, sisi ni nani tumtazame? Kwa hiyo mwenye dhambi hupewa kisogo na watu wote, hata wa nyumbani kwake. Atahudumiwa, atasalimiwa, atapewa chakula, lakini uso wa mtu hatauona, wala wake hautatazamwa, wala hautatajwa. Atakaa hivyo mpaka atunge shairi la toba na kulisoma Ijumaa katika Uwanja wa Toba, mbele ya Wapimaji. Shairi likikubaliwa, Mpimaji Mkuu anagonga fimbo chini, watu wote wanageuka na kusema kwa pamoja, "Tumekuona!" Hapo amesamehewa. Shairi likikataliwa, anarudi nyumbani na kisogo chake.

Nikauliza, "Na nani alimwona Mungu akigeuka?"

Anyesi akanitazama kama nimeuliza nani aliiona mvua. "Mwalimu, hilo lilishapimwa zamani," akasema, akarudi kwenye ndizi zake.

Sasa mtaona wenyewe matokeo ya sheria hiyo. Nilitembezwa shuleni kwao, nikakuta watoto wanafundishwa kutubu kabla hawajajua kukosa. Binti mdogo, meno ya mbele hajaota bado, alisimama akaghani beti za kulilia maisha yake aliyoyamaliza kwenye pombe na wanawake. Mwalimu wake akapangusa machozi. "Huyu ana kipaji," akaninong'oneza, "akikua akipata na dhambi yenyewe, atatisha." Nikakutana na bibi mmoja mnyonge sana wa moyo, aliyekuwa na huzuni kwa sababu kosa lake kubwa maishani lilikuwa kuusema vibaya mchuzi wa jirani, na kosa hilo, kila alivyolivuta, halikumpa zaidi ya beti mbili. Wenzake walimwonea huruma. Mtaa wa pili alikuwako mzee aliyekiri kuiba tembo. Nchi hiyo haina tembo. Lakini lilikuwa shairi zuri, likapita.

Na Wapimaji wenyewe! Wamegawanyika pande mbili. Wapo Wapimaji wa Vina, wanaosema toba isiyo na vina ni kelele, na Mungu hasikilizi kelele. Wapo Wapimaji wa Machozi, wanaosema vina si kitu, kinachotakiwa ni leso ilowe. Pande hizi mbili zilikuwa zinabishana tangu asubuhi siku niliyokaribishwa barazani kwao, wakibishania kama chozi litoke kwenye ubeti wa kwanza, kwa kuwa ndiyo kweli, au lisubiri ubeti wa mwisho, kwa kuwa ndiyo heshima. Mpimaji Mkuu, Mzee Hezroni, alikuwa mtu mwembamba, mpole, mwenye sauti nzuri ya besi ambayo ningeitaka sana kwenye kwaya yangu. Aliwaacha wabishane. Nilimuuliza yeye anashikilia upande gani.

"Mimi nashikilia fimbo," akasema. Hakutabasamu, wala sikujua kama anatania.

Ijumaa yangu ya kwanza nilimwona tajiri mmoja, Balthazari, akisomewa shairi lake. Nasema akisomewa kwa sababu hakulitunga. Majutoni kuna malenga wa kukodi, na mkubwa wao anaitwa Sospeteri, bwana nadhifu, ndevu zimechongwa, anayejua kulia kwa jicho moja. Balthazari alikuwa amemnyang'anya mjane mmoja shamba. Sospeteri akalighani kosa hilo hadi mimi mwenyewe nikaanza kumhurumia Balthazari, haki ya Mungu! Lile shamba lilitajwa kama bustani ya mwanzo wa dunia, na Balthazari kama Adamu aliye nje ya ua. Leso zililowa, vina vilikaa. Fimbo ikagonga. "Tumekuona!" watu wakasema, wakageuka, wakamkumbatia.

Mjane mwenyewe alikuwa pale, amekaa kwenye jiwe. Akanyoosha mkono. "Na shamba?" akauliza.

Wapimaji wakatazamana. Mmoja wao, wa Vina, akamjibu kwa upole, "Mama, shamba halimo kwenye ubeti."

Jioni yake nilimwona Balthazari akikagua mahindi kwenye shamba lile lile, uso wake unang'aa. Nilitaka kumtupia neno, Anyesi akanivuta kanga. "Mwalimu, amesamehewa yule," akasema. Nikamwambia kwetu mtu kama yule hatumwiti aliyesamehewa, tunalo jina jingine. Hakuniuliza jina hilo.

Basi turudi kwa Tekla, maana ndiye hasa niliyetaka kuwaeleza.

Kosa la Tekla lilikuwa hili. Alikuwa na watoto wawili, mvulana na msichana mdogo aliyeanza kusimama dede. Homa ikaja, mvulana akafa. Kwenye mazishi, watu wakiimba kwamba Bwana anasikia kila pumzi yetu, Tekla akainua mkono, wimbo ukanyamaza. Akasema kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu anayeuliza njia, "Mimi sijui kama kuna anayetusikia." Watu wakageuka pale pale kaburini. Mumewe aligeuka na jeneza likiwa bado juu. Bwana huyo baadaye alikwenda nchi ya mbali, na msichana akalelewa na Anyesi.

"Watu wameua na wamesamehewa," Anyesi akaniambia, sauti imepanda. "Mimi mwenyewe nimeshakula kisogo, nilimsingizia mtu uongo, nikatunga beti zangu, wiki ile ile nikaonekana. Yeye mpaka leo! Na kwa nini? Sheria inataka kila shairi la toba lifungwe kwa kusema dhambi imekwisha kuondoka. Mwizi anasema wizi umeondoka. Mzinzi anasema vilevile. Yeye aseme tu shaka limeondoka, basi! Hataki. Kila mwaka anapanda pale na ubeti usiofungwa, anarudi."

"Na mtoto?"

Anyesi akaweka mikono yote miwili kichwani. Mtoto alikuwa amekua, jina lake Eunike, msusi wa mikeka, msichana mchangamfu niliyekula naye kila siku. Jumamosi ya wiki ile angeolewa na kijana wa milimani aitwaye Lameki, na baada ya harusi wangekwenda huko milimani, safari ya kwenda bila kurudi kwa haraka. Eunike hakuwa na kumbukumbu ya uso wa mama yake. Na mama yake alimfahamu kwa kisogo tu, kwa kuwa sheria haikukataza kumsuka nywele. Kila Jumapili Eunike alikwenda akaketi mbele ya mama yake, ameangalia ua, na Tekla akamsuka huku wakizungumza habari zote za wiki. Hivyo ndivyo walivyokuwa mama na mwana.

"Ijumaa hii ndiyo ya mwisho," Anyesi akasema. "Sospeteri ameshatunga. Amekubali kumtungia bure, kwa heshima ya bibi harusi. Dhambi ya kinywa haisomewi na malenga, lazima mwenyewe asome, kwa hiyo kazi ya dada ni kusoma tu. Akisoma, atamwona mwanawe akiolewa. Asiposoma, mtoto atavishwa pete amempa mama yake mgongo, atapanda milima amempa mgongo. Mwalimu, wewe ni mgeni, sheria haikufungi. Unaweza kumtazama. Nenda ukamtazame, umwambie asome. Nakupigia magoti."

Na kweli akapiga magoti, na mikono ina utomvu wa ndizi. Ningekataaje? Wahenga wamesema mgeni njoo, mwenyeji apone. Tena nawaambia wazi, nilikwenda nikiwa upande wa Anyesi. Mstari mmoja wa shairi ni nini? Mimi nimewahi kuwaimbisha watu "nina furaha, furaha" huku wana njaa.

Nilimkuta Tekla amekaa kizingitini anachambua mchele. Aliposikia hatua zangu hakuinua kichwa. Hakuwa na sababu. Nikazunguka nikachuchumaa mbele yake. Alishtuka kiasi kwamba ungo ulimponyoka, mchele ukamwagika wote, na akajifunika uso kwa viganja.

"Mimi ni mgeni," nikasema. "Naruhusiwa."

Akashusha mkono mmoja, halafu wa pili, akanitazama machoni kama mtu anayetoka gizani na jua limemchoma. Akauliza, "Nimezeeka sana?"

Jamani, nililia. Mimi ambaye leso yangu kwenye shairi la Balthazari ilikuwa kavu mpaka mwisho, nililia juu ya mchele wa watu. Nikamwambia hapana, amezeeka vizuri tu. Akacheka. Tukaanza kuokota mchele, na huku tunaokota nikautoa ujumbe wangu.

"Nimeshaliona shairi la Sospeteri," akasema. "Zuri. Kuna mahali nilipotaka kulia, nikakumbuka kwamba ni mimi ninayesemwa."

"Basi lisome."

"Mstari wa mwisho si kweli."

"Tekla mwenzangu, mistari mingapi ya mwisho ni kweli? Umemwona Balthazari. Umesikia ya yule mzee wa tembo. Funga macho, sema maneno manne, umwone mwanao. Mungu kama yupo atakuelewa, na kama hayupo nani atakudai?"

Nilidhani nimesema neno la akili. Tekla akapuliza vumbi kwenye mchele, akafikiri.

"Sikusema hayupo," akasema. "Watu wote wamesahau nilichosema. Nilisema sijui. Ningejua hayupo ningeshanyamaza, nikapumzika. Mimi namwita kila siku, mwalimu. Nikiamka namwita, nikisuka nywele za mwanangu namwita. Kitu pekee ambacho sijawahi kumfanyia ni kumdanganya. Nikimdanganya Ijumaa, Jumamosi nitamwita kwa sauti ipi?"

"Na Eunike?"

Akashika kitambaa chake kichwani kwa mikono miwili, akakivuta chini kama anayetaka kujizika ndani yake. "Usiniulize Eunike," akasema. "Tangu wiki iliyopita sili. Nataka kumwona mwanangu, unasikia? Nataka hata niibe. Pengine nitasoma. Usiwaambie kwamba sitasoma, maana pengine nitasoma."

Nikataka kumtuliza kwa kumweleza sura ya Eunike, kwamba ana macho makubwa na kadhalika. Akaniziba mdomo. "Usiniambie. Nataka nimwone mwenyewe."

Niliporudi, Anyesi aliniuliza imekuwaje. Nikamwambia pengine. Usingizi wake ukaishia hapo, na wangu pia.

Ijumaa asubuhi uwanja ulifurika, maana watu wa milimani nao walikuwa wamefika kwa harusi. Wapimaji waliketi kwenye viti vyao, wamempa mzungumzaji mgongo, ndivyo wanavyopima: masikio tu. Umati wote ulikuwa migongo. Eunike alikuwa safu ya mbele, bega kwa bega na Lameki, nywele zimesukwa upya. Mimi peke yangu, kama mgeni, nilitazama mbele, na sitaki tena kupewa heshima kama ile. Tekla alisimama jukwaani ameshika karatasi ya Sospeteri, na watu walioujaza ule uwanja hawakumwona alivyokuwa anatetemeka.

Akasoma:

*Nimezama kwenye tope, dhambi zimenilemea,*
*Roho yangu si nyeupe, nuru imenipotea,*
*Bwana wangu usiepe, kilio nakutolea…*

Sauti yake ilikuwa nzuri. Nikaona leso zinatoka mifukoni. Mpimaji wa Vina mmoja alikuwa anatingisha kichwa kwa raha. Ukabaki mstari mmoja. Tekla akautazama ule mstari, akamtazama Eunike kisogoni, akafungua mdomo, na hakikutoka kitu.

"Shaka limeshaondoka," Sospeteri akamnong'oneza kutoka pembeni, amegeukia huko, "moyo umeshapokea. Soma, mama, imeshapita hiyo!"

"Dada, soma!" Anyesi akalia, mgongo wake unaruka kwa kilio. "Nakuomba, dada!"

Tekla akaikunja karatasi. Aliikunja vizuri, kama mtu anayerudisha kitu cha kuazima. Kisha akasema, bila kughani, bila madoido:

*Nakuita sikuoni, jibu lako silijui,*
*Mwanangu yu kaburini, mchana siutambui,*
*Shaka limo kifuani, kulificha sichagui,*
*Ila bado nakuita, na mlango siufungi.*

Wapimaji wakalipuka.

"Kina kimevunjika mwishoni!" akasema mmoja.

"Leso yangu imelowa, lakini sijui imelowa kwa nini," akasema wa Machozi, "na chozi lisilojulikana sababu halihesabiwi."

"Tena ametaja kwamba haoni! Anayesema haoni anamtubia nani?"

"Lakini anaita. Unamwitaje usiyemsadiki?"

"Hilo ni swali la baraza la mwezi ujao."

Mzee Hezroni akainua fimbo wakanyamaza. Fimbo ilikaa hewani muda mrefu kuliko kawaida, mpaka mimi nikaanza kutumaini. Kisha akailaza magotini. "Halikufungwa," akasema kwa ile besi yake. "Kisogo kinaendelea."

Tekla akainamisha kichwa. Sikuona hasira kwake wala kiburi. Niliona mama aliyetoa kitu alichokitaka kuliko vyote, na mikono imebaki mitupu. Akaanza kushuka.

Hapo Eunike akageuka.

Aligeuka mwili mzima, polepole. Lazima mjue sheria inasema nini: anayemtazama mwenye kisogo kabla ya fimbo kugonga, anakirithi kisogo hicho yeye mwenyewe. Eunike alilijua hilo tangu anyonye. Aligeuka hivyo hivyo, siku moja kabla ya harusi yake, akasimama uso kwa uso na mama yake.

Hawakukimbiliana. Walisimama wakitazamana kama watu wanaosoma. Tekla alikuwa amejishika kifua. Eunike akainua kidole, akagusa meno ya mbele ya mama yake, kisha akagusa yake.

"Mama," akasema, "kumbe huu mwanya ni wako!"

Tekla akatoa sauti ambayo siwezi kuwaandikia. Ndipo wakashikana, wakaanguka wote wawili vumbini, wanacheka, wanalia, na Eunike anasema, "Hata mimi sijui, mama. Hata mimi usiku mwingine sijui. Lakini mimi hapa. Mimi hapa."

"Nani amegeuka?" Wapimaji wakauliza, maana wao hawakuona. "Nani huyo?" Waliposikia ni bibi harusi, baraza likawaka moto. Bwana harusi akaamriwa ampe mchumba wake kisogo. Lameki alikuwa kijana wa maneno machache. Akajikuna kichwa.

"Wazee, kesho naoa," akasema. "Nitamwoaje mtu nisiyemtazama? Nitaishia kumvisha pete mama mkwe." Akageuka, akaenda kuketi vumbini karibu na mchumba wake. Watu wa milimani wakaona kijana wao amekaa vumbini peke yake na wageni, wakaona si adabu kumwacha, wakageuka nao. Yule mjane wa shamba alikuwa ameshageuka zamani. Anyesi aligeuka huku amefunika macho kwa kanga, akaanza kufungua jicho moja moja, na alipomwona dada yake alipiga yowe akazimia, watu wakammwagia maji.

Sasa sikilizeni balaa lililompata Mzee Hezroni. Sheria inamtaka Mpimaji Mkuu asimwangalie mwenye kisogo hata mara moja. Akasimama, amewapa mgongo waliokuwa vumbini, akakutana na watu wa milimani, nao wana kisogo tayari. Akageuka kushoto, yupo mjane. Akageuka kulia, watu wa sokoni wanageuka mbele ya macho yake. Akazunguka tena, na tena, fimbo mkononi, mzee wa watu, anatafuta upande usio na mwenye dhambi, na upande huo hakuna. Wapimaji wenzake walikuwa wameshaanza kubishana kama kufumba macho kunahesabika kama kisogo. Mwishowe kizunguzungu kikamchukua. Fimbo ikamponyoka, akaketi chini kwa kishindo, akayaziba macho kwa mikono yake.

Watu walicheka kidogo, kisha wakaacha, maana hakuinuka.

Aliyemwendea ni Tekla. Alijinasua mikononi mwa mwanawe, akatembea mpaka pale, akachuchumaa mbele yake kama mimi nilivyochuchumaa mbele yake yeye, na wala sikuwa nimemfundisha.

"Mzee, umeumia?"

Hezroni akatikisa kichwa. Kisha akasema kutoka nyuma ya viganja, na nilikuwa karibu ndiyo maana nilisikia, "Nimepima tangu ujana wangu. Sijawahi kumwona mtu akitubu. Nawaona baadaye, wakishapita. Anayetubu sijawahi kumwona."

"Mimi hapa," Tekla akasema.

Mzee akashusha mikono. Aliogopa, nawaambieni, aliogopa kama mtoto anayechungulia kisimani. Akamtazama: kitambaa cheusi, machozi, vumbi, na mwanya uliokuwa unaonekana kwa kuwa Tekla alikuwa anajaribu kumtia moyo kwa kutabasamu. Alimtazama kwa muda. Nyuma yao wale wa Vina na wa Machozi walikuwa bado wanabishana, lakini mmoja mmoja wakaanza kushusha sauti.

"Ule ubeti wako," akasema. "Mstari wa mwisho hauna kina."

"Najua, mzee."

"Na shaka bado unalo."

"Ninalo."

Akaisukuma fimbo kando kwa mguu. Akajikokota akakaa vizuri vumbini, mikono magotini, uso kwa uso naye, kama mtu anayetaka kusikia habari za nyumbani.

"Usome tena," akasema. "Sikuusikia vizuri. Nilikuwa nimekugeuzia mgongo."

Eunike akaja akaketi karibu na mama yake, na Lameki nyuma yake, na mjane, na Anyesi na kanga yake iliyolowa. Watu wakasogea. Na Tekla, akimtazama mzee yule machoni, akausoma ubeti wake tangu mwanzo, na hakubadilisha hata neno moja.